Sherehe zetu za kitaifa zimekosa sherehe

KATIKA kurasa za mwisho za diwani nyingi za Kiswahili huwa kuna sehemu iitwayo ‘sherehe’. Hapo mhariri huyakusanya maneno magumu yaliyomo katika mashairi na kuyafafanua moja baada ya jingine. Mwanafunzi anayeusoma utenzi wa kale bila sherehe anaweza kuufurahia mdundo na vina vyake, lakini maana itampita.

Neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, ambako kitenzi chake cha asili kina maana ya kufungua au kuweka wazi. Hutumiwa kwa maneno yanayofunguliwa ili yaeleweke, na pia kwa kifua kinachofunguka kwa furaha. Ndiyo maana Kiswahili kikabaki na sherehe mbili: sherehe ya ufafanuzi na sherehe ya shangwe. Vijana wetu wa mjini wameisahau kabisa ile ya kwanza. Kwao ‘kupiga sherehe’ ni muziki, vinywaji na kukesha, basi.

Nataka kudai katika makala haya kwamba serikali zetu, ya kitaifa na za kaunti, zimefanya vivyo hivyo katika siku tunazoadhimisha historia. Tumebaki na shangwe, ufafanuzi tumeutupa. Gwaride lipo, ndege za kijeshi zipo, ngoma zipo, na mahema ya waheshimiwa yapo. Lakini mwananchi aliyeamka saa tisa za usiku ili apate nafasi uwanjani hurudi nyumbani bila kuelezwa ni nani hasa aliyekumbukwa, alifanya nini, alitendwa nini na nani. Ameshiriki sherehe isiyo na sherehe.

Tuanze na majina ya siku zenyewe. Ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 inataja siku tatu za kitaifa: Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12. Isome ibara hiyo katika matini ya Kiingereza. Sentensi nzima ni ya Kiingereza, lakini majina ya siku yameachwa kwa Kiswahili. Wengi huliona hilo kuwa heshima kwa lugha ya taifa. Kwangu ni nusu ya heshima. Kiswahili kimepewa jina, maelezo yamebaki kwa Kiingereza. Ni kama kitabu ambacho jalada lake ni la lugha moja na kurasa zake ni za lugha nyingine.

Matokeo yake huyaona darasani. Mara nyingi huwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya neno ‘madaraka’. Hujibu haraka: cheo, mamlaka, kazi kubwa serikalini. Hawajakosea, kwa sababu hiyo ndiyo maana wanayoisikia katika taarifa za habari kila jioni, fulani anapodaiwa kuyatumia vibaya madaraka yake. Ninapowauliza kilichotokea Juni 1, 1963, wengi hunyamaza. Wachache husema ‘uhuru’. Siku hiyo tulipata serikali ya ndani: Wakenya walianza kujiendeshea mambo yao nyumbani huku Mwingereza akiendelea kushikilia mengine, kama vile ulinzi na mambo ya nje. Kwa hiyo neno ‘madaraka’ lilichaguliwa kwa makini. Lilimaanisha dhamana na wajibu wa kujisimamia, hatua moja kabla ya uhuru kamili uliopatikana Desemba 12, 1963. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 12, 1964, nchi ikawa jamhuri, neno ambalo asili yake ni umma, watu kwa wingi wao. Tarehe moja imebeba matukio mawili. Siku ambayo jina lake ni la umma imekuwa siku ya umma kukaa juani ukiwatazama wachache walio kivulini.

Siku ya Mashujaa ndiyo inayonisumbua zaidi. Kabla ya Katiba ya sasa, Oktoba 20 iliitwa Siku ya Kenyatta. Ilihusishwa na usiku wa 1952 ambapo Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Walioshtakiwa Kapenguria walikuwa sita: Kenyatta mwenyewe, Bildad Kaggia, Kung’u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng’ Oneko. Jina la zamani lilikuwa na dosari iliyo wazi. Lilimtaja mmoja na kuwaacha watano, bila kuwasahau maelfu waliokuwa msituni, kizuizini na vijijini. Waliotunga Katiba walifanya vyema kulifuta.

Lakini tazama tulichokifanya baadaye. Jina la zamani lilimtaja mmoja likawaacha wengi. Jina jipya linawataja wote bila kumtaja yeyote. ‘Mashujaa wetu’ limekuwa kama gunia, kila kitu kinaingia: mpiganaji wa msituni, mwanariadha aliyevunja rekodi, daktari, mwanasiasa aliyefariki juzi, hata mgombea anayetafuta kura. Sipingi kuwatuza wanariadha. Ninachosema ni kwamba neno lililopanuliwa hadi likaenea kila mahali huacha kubainisha chochote, na neno lisilobainisha haliwezi kukumbusha.

Oktoba 10 nayo ni kisa cha aina yake. Ilikuwa Siku ya Moi, kisha ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Mti ni jambo jema, na utamaduni ni jambo jema. Hata hivyo, siku inayobadilishwa jina kila baada ya miaka michache ni mapumziko yanayotafuta sababu. Hakuna anayeweza kumweleza mtoto wake kilichotokea Oktoba 10 kinachohusu miti.

Sasa tugeukie lugha inayotumiwa uwanjani. Desturi tumeirithi tangu enzi za Mzee Jomo Kenyatta. Rais husimama, husoma hotuba ndefu ya Kiingereza iliyoandikwa na wataalamu, kisha hufunga karatasi, hupangusa miwani na kuanza kuzungumza Kiswahili. Hapo ndipo uwanja unapoamka. Watu hucheka, hupiga makofi na kujibizana na kiongozi wao. Waandishi wa habari nao huanza kuandika kwa kasi, maana wanajua vijembe vya siasa vimefika.

Mgawanyo huu wa kazi unasema mengi. Kiingereza kimekabidhiwa historia, takwimu na sera. Kiswahili kimekabidhiwa utani na siasa. Hotuba ya Kiingereza huchapishwa, hugawiwa wanahabari, na huhifadhiwa. Maneno ya Kiswahili hupeperuka na vumbi la uwanja, yakibaki vipande vipande katika video za simu. Atakayetaka kujua miaka 50 ijayo taifa hili liliambiwa nini kuhusu historia yake, atalazimika kutegemea ile sehemu ambayo wengi wa waliokuwa uwanjani hawakuisikiliza. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoandikwa siku ya taifa ni rasmi kwa namna gani?

Kwa jinsi hiyo, hata msamiati wetu wa kukumbuka umechakaa. Kiswahili kina maneno yanayotofautiana vizuri sana. ‘Kuadhimisha’ kumetoka katika ‘adhimu’, yaani kitu kikubwa chenye utukufu, anayeadhimisha anatukuza. ‘Kumbukumbu’ ni yale yanayobaki akilini, na pia maandishi yanayoyahifadhi. Ndiyo maana katibu wa chama huandika kumbukumbu za mkutano. ‘Ukumbusho’ unatokana na ‘kumbusha’, kitenzi cha usababishi, kwa hiyo lazima awepo mtu anayemfanya mwingine akumbuke. Wazungumzaji wengi hasa wa majukwaani huyachukua maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo. Inawezekana kuadhimisha bila kuwa na kumbukumbu yoyote, na inawezekana kuwa na kumbukumbu nyingi zinazofungiwa kabatini zisimkumbushe mtu. Siku ya taifa iliyokamilika ingefanya yote matatu. Zetu hufanya la kwanza tu.

Kisha kuna vitenzi. Sikiliza hotuba yoyote ya Oktoba na utasikia habari za ‘mashujaa wetu waliomwaga damu’. Hebu tulipime hilo kama Waswahili. Kwa Kiswahili, anayemwaga damu ni muuaji. Ukisema fulani amemwaga damu, msikilizaji atauliza: ya nani? Usemi huu wa majukwaani umemhamisha mtenda. Waliomwagiwa damu wamegeuzwa kuwa wamwagaji, na aliyeshika bunduki ametoweka katika sentensi. Hakuna hotuba ninayoikumbuka iliyouliza damu hiyo ilimwagwa na nani, kwa amri ya nani.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa katika kambi ya Hola, Tana River, kwa kukataa kufanya kazi ya shuruti. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Serikali hiyo ilijua vizuri kazi ya kitenzi. ‘Walikufa’ hakumtaji yeyote, ‘waliuawa’ kunadai jina. Uchunguzi wa sababu za vifo ndio uliolirudisha jina, na kashfa hiyo ikafika hadi Bunge la Uingereza. Sasa sisi, miaka zaidi ya 60 tangu tujitawale, tunazidi kutunga sentensi zisizo na mtenda kwa hiari yetu wenyewe.

Kauli nyingine inayopendwa ni ‘waliojitolea mhanga’. Mhanga ni sadaka, na anayejitolea hufanya hivyo kwa ridhaa yake. Wapo waliofanya hivyo, nao wanastahili kauli hiyo. Wengi hawakuulizwa. Kuwaita waliolazimishwa kuwa waliojitolea ni kumwondolea aliyewalazimisha lawama. Mfano mzuri wa jambo hili umesimama katikati ya Nairobi, nasi tunaupita kila siku.

Katika barabara ya Kenyatta, ambayo zamani iliitwa Delamere, kuna mnara wa askari uliozinduliwa 1928. Sanamu tatu za shaba zimesimama juu ya jiwe kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanahusishwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji wa Afrika, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumalizia kwa ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Kama matini, ni kazi iliyosukwa vizuri. Kwa upande wa lugha inaishinda minara yetu mingi ya baada ya uhuru: imeandikwa katika lugha ambayo mpita njia anaielewa. Lakini isome tena kwa macho ya mhakiki. Inaahidi kwamba jina litakumbukwa, na hapo mnarani hakuna jina hata moja la wale waliokufa. Inasema walipigania nchi yao, ilhali waliipigania himaya ya mtu mwingine. Na wale wapagazi, miguu na mikono ya jeshi, wengi wao walikamatwa kwa nguvu chini ya sheria ya mwaka wa 1915 iliyoiruhusu serikali kuwachukua vijana kwa lazima. Walibeba risasi na unga kutoka huku hadi Tanganyika, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Huyo ni mhanga aliyejitolea? La hasha. Huyo ni mwathiriwa.

Mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa yao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ilichukua karibu karne nzima kwa walioiandika ahadi kukubali kwamba hawakuitimiza.

Sasa linganisha na walichokifanya wananchi bila mnara wala bajeti. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalichukua jina hilo, wakalitia irabu, wakalifinyanga mpaka likakaa vizuri mdomoni: Kariokor kule Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam. Hadi leo mtu akienda Kariokor kununua chondo, viatu vya ngozi au kula nyama choma, anatamka jina la jeshi lile la wabeba mizigo. Hakuna waziri aliyelizindua. Kwa mtazamo wangu, Kariokor ni ukumbusho mkubwa kuliko ule wa shaba, kwa sababu umekaa katika ulimi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ndiyo hoja yangu yote: hauna sherehe. Muulize kondakta wa matatu anayeliita jina hilo mara 100 kwa siku limetoka wapi. Hakuna aliyemfungulia neno hilo, wala hakuna kibao pale sokoni kinachomfungulia.

Ningependa sasa kuutazama upande wa jamii, maana huko nako kuna la kujifunza na la kukosoa. Chukua kumbukumbu za Mekatilili wa Menza, ambazo Wamijikenda huzifanya kila mwaka, hasa mwezi wa Agosti, Malindi na huko Bungale, Magarini, liliko kaburi lake. Wazee wa kaya huongoza. Watu huvaa hando, ngoma ya kifudu huchezwa, na kisa husimuliwa. Kifudu ni ngoma yenye mizizi katika matanga, na inasimuliwa kwamba Mekatilili mwenyewe aliitumia kuwakusanya watu kijiji kwa kijiji mwaka wa 1913, alipowahimiza Wagiriama wakatae kodi na kuwatoa vijana wao kumfanyia mkoloni kazi. Kwa hiyo anayeicheza leo hachezi kwa kuwatumbuiza wageni. Anaurudia mwito wenyewe.

Tazama pia jina. Alizaliwa Mnyazi wa Menza. ‘Mekatilili’ ni mama Katilili, jina alilopewa kwa mwanawe, kama Waswahili wanavyosema Mama Fulani. Ndani ya neno moja la Kigiriama tumeelezwa kwamba aliyeutikisa utawala wa Kiingereza alikuwa mama wa mtu, naye mtoto huyo ametajwa. Msimulizi mzuri hatakuacha bila kukueleza hilo. Atakutajia na Wanje wa Mwadorikola aliyekamatwa pamoja naye, atakueleza walivyopelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, walivyotoroka na kurudi Pwani kwa miguu, na jinsi Waingereza walivyoilipua Kaya Fungo kwa baruti katika vita vya Agosti 1914. Ana majina, ana mahali, ana mtenda. Hiyo ndiyo sherehe kwa maana zote mbili. Watu wamefurahi, na wameelewa.

Ila nako huko mambo yameanza kuharibika. Wanasiasa wakishaalikwa, mzee wa kaya hupewa dakika tano na mheshimiwa huchukua saa mbili. Neno ‘tamasha’ linalisukuma kando neno ‘kumbukumbu’, kwa sababu tamasha huvutia wafadhili na watalii. Nimeona mwelekeo huo huo katika tamasha la utamaduni la Lamu, mji ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Picha zinazotufikia ni za mbio za punda na mashindano ya mashua. Zinapendeza, sikatai. Lakini Lamu ni mji wa tungo na malenga, na ni nadra sana kuona ubeti hata mmoja wa Kiamu ukichapishwa kando ya picha ya punda, sembuse ufafanuzi wake. Mgeni huondoka akijua punda yupi alishinda.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba kutaja majina kutachochea ukabila: ukimtaja huyu, jamii ile itauliza wetu yuko wapi, na ukimtaja mpiganaji wa msituni, jirani atakumbuka babu yake alikuwa askari wa upande wa pili. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ukimya haujautibu ukabila. Marufuku ambayo mkoloni aliliwekea vuguvugu la Mau Mau mwaka wa 1950 tulikaa nayo katika sheria zetu hadi 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru tulisimama kila Desemba tukiwasifu wapigania uhuru kwa jumla, huku kundi lao likiwa haramu kisheria. Hiyo ndiyo raha ya neno la jumla. Linamruhusu mtu kusifu na kukana kwa pumzi moja. Jina mahususi halimpi nafasi hiyo. Na kama jamii nyingine itauliza wetu yuko wapi, jibu ni kumtaja naye, pamoja na yaliyompata. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 19, 1905. Siku moja tu inaitenganisha tarehe hiyo na Siku ya Mashujaa. Ni Wakenya wangapi walio nje ya Nandi wanaolijua hilo?

Pingamizi la pili hutolewa na wasomi wenzangu. Wanasema hotuba ya Kiingereza ni ya lazima kwa sababu mabalozi wapo. Mabalozi wana wakalimani. Wanaweza kuketi na tafsiri ya Kiingereza magotini, kama vile mkulima wa Kwale au Kitui alivyoketi miaka yote hii bila tafsiri yoyote.

Kwa hivyo napendekeza mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji ndege za kivita. Kwanza, hotuba ya siku ya taifa iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa Kiswahili, na matini hayo yachapishwe na kuhifadhiwa kama kumbukumbu rasmi. Tafsiri ya Kiingereza na za lugha nyingine zifuate. Pili, katika kila Siku ya Mashujaa yatengwe angalau mafungu ya majina yanayosomwa kwa sauti, jina kamili, mahali na lililompata mtu huyo, kwa sentensi yenye mtenda. Sherehe hizi sasa huzunguka katika kaunti: zimefika Kakamega, Mombasa, Kisii, Kirinyaga, Kericho, Kwale na kwingineko. Kaunti mwenyeji isome majina yake, hata kwa lugha ya mama, kisha Kiswahili kifuate. Ibara ya 7 inaitaka Dola izilinde lugha zetu zote. Siku gani ingefaa zaidi? Tatu, baraza lililoundwa chini ya Sheria ya Mashujaa ya mwaka wa 2014 lisiishie kutoa nishani. Litunge sherehe, kwa maana ya mhariri wa diwani: kitabu cha kila mwaka, chepesi, cha Kiswahili, kinachofafanua majina ya mitaa, minara na siku. Watoto wa shule wapewe bure.

Haya hayawezi kungoja sana, kwa sababu sherehe za aina hii huandikwa na walio hai. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Mwaka wa 2007, nusu karne kamili baadaye, tulimsimamishia sanamu katika barabara yenye jina lake. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mahali mumewe alipozikwa ili amzike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa. Aliyeyajua mengi ameondoka nayo. Alikuwa akiketi katika mahema ya waheshimiwa siku za taifa, akitajwa kama mke wa shujaa, na swali lake moja halikujibiwa katika hotuba yoyote, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Mwalimu wa ushairi humwambia mwanafunzi wake: ukikutana na neno usilolijua, usiliruke, fungua kurasa za mwisho. Taifa letu limeyaruka maneno yake magumu kwa miaka mingi, likikimbilia makofi. Oktoba itakapofika, mpenzi msomaji, na ukamsikia mtu jukwaani akisema ‘mashujaa wetu’, muulize aliye karibu nawe: nani, wapi, na alifanyiwa nini na nani? Kama hajui, na wewe hujui, basi kazi imeanza.